Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: mimba yangu haisubiri mafunzo yaishe

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa wetu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba lile jengo la mama na mtoto mlilolikatia utepe kwa tarumbeta bado linakupendeza. Juzi nilikuwemo. Mashine ya utrasaundi ipo, imefunikwa kitambaa. Yule mtaalamu wa kuangalia moyo wa mtoto tumboni, uliyetuahidi mbele ya wanahabari, nimeambiwa "bado yuko mafunzoni". Hongera zake.

Mheshimiwa, nina kisukari tangu kabla sijaolewa. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo zake, akalia vizuri. Siku ya tatu midomo ikawa ya bluu. Tukaambiwa nimonia. Kumbe kila mtoto huzaliwa na mshipa fulani karibu na moyo ambao hujifunga wenyewe baada ya siku chache, na kwa moyo wenye kasoro kama wake, mshipa huo ndio uliokuwa umeshikilia uhai. Ipo dawa ya dripu ya kuuzuia usifunge mpaka mtoto afikishwe kwa wapasuaji. Lakini lazima mtu awe amejua mapema, na hakuna aliyejua. Tulimzika.

Sasa nina mimba ya wiki 20. Kisukari cha mama huongeza hatari ya mtoto kuumbika na kasoro ya moyo, kwa hiyo peke yake kinatosha kunipa haki ya kipimo cha utrasaundi cha moyo wa mtoto tumboni. Marehemu mwanangu ni sababu ya pili. Wakati mzuri wa kipimo hicho ni wiki ya 18 hadi 22, hesabu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka kila mjamzito apigwe utrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24, sembuse mimi niliyeandikiwa "hatari" kwa wino mwekundu kwenye kadi. Muuguzi alinisikilizia tumbo, akasema mapigo yapo, nisijali. Moyo wenye kasoro nao hudunda, Mheshimiwa.

Simlaumu yeye. Alinishauri niende Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa nauli ipi? Nahisi fedha huishia kwenye majengo kwa kuwa majengo yanapigika picha.

Naomba mtu mmoja. Hata wa kuazima, hata siku moja kwa wiki. Ikishindikana, niandikie rufaa yenye nauli ndani yake. Wiki hii, Mheshimiwa. Ijayo sitaki kuisikia.

Mjamzito wa kliniki yako