Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Mkuu Anaondoka, Daftari Linabaki

Ndugu wanachama, mafundi wenzangu, walimu wetu, na wazazi mliodamka alfajiri kuwahi mabasi ya kutoka Makambako, Mafinga, Njombe na hata Uyole: kamwene.

Jambo lililowaleta wengi leo nalijua, kwa hiyo nalitanguliza. Mkuu wetu wa chuo, Mama yetu, ametimiza miaka 60, na kwa utumishi wa umma hapo ndipo safari inapoishia. Ofisi, ghala na mihuri ameshakabidhi. Ameniomba nisisome wasifu wake mbele yenu, nami nimemkubalia. Nitaeleza kazi yake moja tu, ila nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu hiyo ndiyo chama hiki kinaachiwa.

Mezani kwake, miaka yote ya ukuu wake, palikuwa na daftari la kaunta lenye jalada gumu. Kila aliyefika getini kutaka kusoma akashindikana, kwa kukosa ada, kwa kukosa cheti, au kwa kuwa ana mtoto mgongoni na hana wa kumwachia, aliandikwa humo. Jina, kijiji, fani anayoitaka, na namba ya simu ya jirani kama mwenyewe hana simu. Mlinzi alikuwa na amri ya kutomwachia mtu arudi barabarani kabla hajaandikwa. Muhula ukiisha, wanafunzi wakishaondoka na magodoro yao, Mama alilifungua akaanza kupiga simu. Baba ameuza viazi? Mtoto ameanza kutembea? Yule mjomba aliyeahidi nauli bado yupo Tunduma? Aliyeandikwa bila matumaini mwaka huu, mwaka unaofuata mlimwona kwenye foleni ya usajili.

Mimi thamani ya jambo hili naijua tangu kabla ya daftari lenyewe. Mwaka 1992 nilifika hapa na cheti cha darasa la saba, nataka useremala. Nikaambiwa nafasi za wasichana zipo ushonaji na upishi. Mama wakati huo alikuwa mwalimu kijana wa ushonaji, na mimi nilikuwa nimepangwa kwake. Badala ya kunikalisha kwenye cherehani alinishika mkono hadi karakana ya mbao, akamwomba fundi anipe randa. Nilisukuma kwa woga, maranda yakatoka vipande vipande. Fundi akaniambia nguvu isitoke begani, itoke kiunoni, na mwili wote uende na randa. Mara ya tatu kikatoka kipande kimoja kirefu, chembamba, kimejikunja kama ganda la chungwa. Mama akaondoka bila kusema neno, mimi nikabaki kwenye karakana ile miaka miwili.

Vijana wetu wengi wanakichukulia chuo hiki kama chuo cha ufundi cha kawaida. Si kosa lao, hatujawasimulia. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na chetu ni kimojawapo, vilianza mwaka 1975, kwa hiyo mwaka huu vimetimiza miaka 50. Mwalimu Nyerere alikuwa ameviona vyuo vya namna hii Sweden, ambako mtu mzima, mkulima au kibarua, huingia kusoma bila kuulizwa alifaulu nini utotoni. Waswidi wanavyo tangu 1868, nao wazo walilitoa Denmark, kwa mchungaji N.F.S. Grundtvig, ambako chuo cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikasaidia, na hapa nchini vingi vikaanzia kwenye majengo ya vituo vya mafunzo vijijini yaliyokuwapo tayari. Serikali ya kijiji ilimchagua mtu wake, akaja kujifunza uashi, ufugaji au ushonaji, kisha akarudi kijijini na kazi mkononi. Wazee wetu wa mwanzo, wawili wao wamekaa safu ya mbele leo, waliletwa hivyo.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Tumetoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii tukaingia Wizara ya Elimu. Wanafunzi wa kozi ndefu wanafanya mitihani ya kitaifa ya ufundi stadi, na cheti chao kinatambulika popote nchini. Hilo ni jema, nalisema wazi, kwa sababu sisi wa zamani tulihangaika sana kwa kukosa karatasi. Ila cheti kikipanda thamani, na mlango nao unaanza kuwa mwembamba. Anakuja kijana wa kidato cha nne mwenye matokeo mazuri, anakuja mama wa miaka 24 aliyeishia darasa la saba, nafasi ni moja. Ni rahisi mno kumchukua yule kijana. Mama Mkuu alikuwa anauliza kwanza nani kati yao ana mahali pengine pa kwenda. Naomba chama hiki kiendelee kuuliza vilevile, kwenye kila kikao cha bodi tutakachoalikwa.

Sasa niingie kwenye chumba cha watoto, maana hapo ndipo fedha zenu nyingi zilikokwenda mwaka huu, na hapo ndipo nilipokosea.

Mnafahamu kwamba kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wasichana walioacha shule, wengi wao kwa ujauzito, wanasoma sekondari chuoni huku wakijifunza ufundi. Serikali ilipowaruhusu mabinti hao kurudi kwenye shule za mfumo rasmi, Novemba 2021, baadhi yenu mlidhani kwetu hawatakuja tena. Wamekuja. Ruhusa ya kurudi darasani haimpi mtu wa kumlelea mtoto, na shule nyingi hazina pa kumweka mtoto huyo. Hapa chuoni watoto walikuwa wakilelewa kwenye stoo ya zamani ya karakana. Sakafu yake ni ya saruji, na nani hapa asiyejua saruji ya Juni kwetu ilivyo? Asubuhi ya umande mkali unaikanyaga na viatu na bado baridi inapanda. Watoto wanaotambaa walikuwa wanatambaa juu ya magunia.

Tukaamua kuweka sakafu ya mbao. Tunakaa pembeni ya Sao Hill, shamba kubwa kabisa la miti la serikali nchini, tukikosa mbao sisi nani apate? Mbao za paini zikaletwa jioni, giza limeshaingia, zimepangwa vizuri kwenye lori. Mimi ndiye niliyepokea na kusaini. Sikuinua hata moja kupima uzito wake. Sikuigonga nisikie mlio. Fundi wa miaka yangu! Mbao zilikuwa mbichi. Tulizipigilia Mei, zikakaa zimebanana vizuri, tukapiga picha. Agosti ilipokuja na upepo wake mkavu zikaanza kusinyaa. Mbao haipungui urefu, inapungua upana, kwa hiyo kila kiungo kilifunguka. Mtoto mmoja alikwamisha kidole. Hakuumia, lakini kilio chake kilinifikia karakana nzima ikiwa inafanya kazi.

Muuzaji tulimfuata, hakukubali kurudisha fedha, na mimi nilikuwa nimesaini kwamba mzigo ni mzuri. Tulibandua sakafu yote. Mbao zile hatukuzitupa: wanafunzi wa mwaka wa pili walizipanga kivulini nyuma ya bwalo, kila safu na vijiti vyake katikati ili hewa ipite, mawe mazito juu yake zisipinde. Zimekauka vizuri, na watatengenezea vitanda vya mabweni. Sakafu ya sasa imewekwa kwa mbao zilizokauka ambazo tuligawiwa na wanachama wawili wenye viwanda vidogo Mafinga. Ipo imara. Gharama ya kurudia kazi imo kwenye taarifa ya mweka hazina, ukurasa wake wa pili, na nawaomba radhi kwa kila shilingi iliyokwenda huko. Kuanzia sasa hakuna mbao inayopokelewa usiku, na anapokea mtu zaidi ya mmoja.

Yaliyobaki nitayapitia haraka.

Jikoni, tumeacha kupikia kuni. Agizo la serikali la kuacha kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 lilikuwa liwe limetekelezwa kufikia mwisho wa Januari 2024, nasi tulichelewa. Chai na ugali sasa vinapikwa kwa gesi, maharage kwa mkaa mbadala. Mpishi wetu analoweka maharage usiku kucha na gesi inadumu kuliko tulivyokadiria.

Shule za sekondari za jirani zimeanza kuja kuomba kutumia karakana zetu, kwa sababu mitaala mipya iliyoanza 2024 ina mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, na wao hawana mashine wala mafundi wa kutosha. Maoni yangu ni tuwakaribishe, kwa ratiba iliyoandikwa, jioni na Jumamosi, wanafunzi wetu wa kutwa wasisukumwe nje. Wanachama wenye ujuzi wa miaka mingi bila cheti, pitieni kwa Katibu mjiandikishe kwa urasimishaji ujuzi wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, yaani mpimwe na kupewa cheti cha kazi mnayoijua tayari. Shule zinazotafuta mafundi wa kusaidia kufundisha zitauliza karatasi, na ninyi kazi mnaijua.

Hesabu za mwaka zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Waliochelewa kulipa michango nimeongea nao mmoja mmoja, sitawataja hapa.

Kaimu mkuu wa chuo tumekutana naye mara mbili. Ni msikivu, anaandika anachoambiwa, na amekubali mwakilishi wetu akae kwenye kamati ya usajili. Tumpe ushirikiano uleule, na tumwache aongoze kwa namna yake.

Narudi kwa Mama. Wiki iliyopita, alipokuwa anafunga maboksi yake, aliniita ofisini. Ukuta ulikuwa umebaki na alama za misumari tu. Alinipa lile daftari kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhiwa mtoto, akaniambia la ofisi ni la ofisi, lakini hili alilinunua kwa fedha yake, kwa hiyo anao uhuru wa kumpa amtakaye. Amekipa chama hiki. Majina mengi yamepigwa mstari kwa wino wa kijani, maana yake aliingia. Yapo yasiyo na mstari, na haya nimeyanakili kwa vijiji. Katibu atayagawa leo baada ya chakula, kila mwanachama achukue ya upande anakotoka.

Jina la mwisho limeandikwa mwezi uliopita. Ni binti anayetaka uashi, ana mtoto wa miezi saba. Namba ya jirani aliyoiacha haipatikani, nimejaribu siku tatu mfululizo. Jumamosi ijayo Katibu na mimi tunapanda kijijini kwake, na Mama amesema anakuja nasi. Gari lina nafasi mbili zaidi, tunaondoka saa moja asubuhi hapa getini.