Mtoto kutokutwa na maradhi hakumsafishi mtuhumiwa

Mhariri,

Ile habari yenu ya mtoto wa skuli ya maandalizi anayedaiwa kudhalilishwa kijinsia, mliyoimaliza kwa kusema daktari hakukuta maambukizi ya zinaa, imenishinda kunyamaza. Watu mabarazani wanasema basi mtoto kasingizia. Watoto wengi waliodhalilishwa hawapati maradhi ya zinaa, na wengi hawakutwi hata na jeraha. Tena maambukizi ya jana hayaonekani kwa kipimo cha leo. Ndiyo maana mtoto hurudishwa baada ya wiki mbili hivi, na damu ya kaswende na VVU hupimwa tena wiki ya sita na mwezi wa tatu.

Na yakikutwa, hayana uzito mmoja. Kisonono kwa mtoto aliyekwishatoka uchangani ni ushahidi mzito. Klamidia kwa mwenye miaka miwili huenda kaipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Fangasi si ushahidi wa lolote.

Juzi kituo kimoja huku kwetu kimempiga mtoto sindano ya antibayotiki kabla ya kuchukua hata tone la mkojo, eti kwa huruma! Sindano ikaua vijidudu na ushahidi pamoja. Mtoto ambaye hajabaleghe na hana dalili, antibayotiki inaweza kusubiri majibu, kwani kwake maradhi hupanda kizazini kwa nadra. Kwanza mkojo ule unaotangulia kutoka, au kijiti cha pamba kwa nje tu bila kugusa kizinda, maana kukigusa kunauma; majibu yakionesha maradhi, sampuli ihifadhiwe na ipimwe tena kwa njia nyingine, wakili wa mtuhumiwa asipate pa kushika. Kisichosubiri ni dawa za kinga ya VVU: zianzwe ndani ya saa 72, zinywewe siku 28. Lakini mzazi anaambiwa akafuate PF3, ile fomu ya polisi, kwanza, na jamaa nao wamekaa kikao cha muhali, cha kuyamaliza kwa kuoneana haya, siku tatu, ambazo ndizo saa 72 zenyewe.

Nanyi gazeti mnataja shehia, skuli na kazi ya baba, kisha mnaandika "jina limehifadhiwa". Limehifadhiwa wapi?

Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwahudumia waliodhalilishwa, ipo hospitali ya Mnazi Mmoja tangu 2011, na Chake Chake ipo. Basi kila PF3 ya mtoto ibandikwe karatasi nyekundu yenye mistari mitatu: saa ya tukio, saa aliyofika, saa 72 zinapokwisha. Masheha wapewe nakala. Mwandishi wenu apewe mbili.

Fundi maabara mstaafu,
Wete, Pemba