Ufini sio barafu tu jamani

Mhariri salamu,

Naomba kanafasi kadogo, maana kila mkiandika habari za Ufini ni barafu na giza tu, jamani hata huku baridi inaishaga! Mwishoni mwa Aprili jua linazama saa tatu usiku na kitu, ukipita katikati ya Helsinki mabenchi yote yamejaa, watu wamefumba macho wameelekeza sura juani na hakuna anayeongea.

Na sherehe kubwa ya wakati huo ni Vappu, yaani sikukuu ya Mei Mosi ya huku. Tarehe 30 Aprili jioni wanafunzi wanaivisha kofia nyeupe sanamu ya mwanamke iitwayo Havis Amanda pale karibu na soko la bandarini, basi mji mzima unalipuka, kila aliyemaliza sekondari anavaa kofia yake nyeupe ya kuhitimu, hata bibi wa miaka 80 yumo. Kesho yake ni pikniki kwenye bustani ya Kaivopuisto, watu wanatandika mashuka kwenye majani hata kama kuna manyunyu, wanakunywa sima ambayo ni limau na sukari iliyochachuliwa kwa hamira, ukiona zabibu kavu zimepanda juu ya chupa ujue imeiva (mi naipenda kuliko soda).

Ila koti usiliache, upepo wa bahari hauna adabu. Ukichoka kelele panda feri pale pale sokoni uende ngome ya Suomenlinna, tiketi ni ile ile ya usafiri wa mjini.

Mwakani mtumeni mwandishi wenu aje Mei, sio Januari tena.

Msomaji wenu, Helsinki