Rovu lichunguzwe mapema

Mhariri,

Mama yangu mdogo, hapa Malindi, alikaa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, miaka mingi. Sote tulisema ni ukosefu wa madini joto, ingawa chumvi, ambayo hutiwa madini hayo, huvunwa hapo jirani, Gongoni. Kumbe ilikuwa saratani ya tezi ya shingo. Alipoanza kuumwa kichwa alfajiri, kutapika na mkono kulegea, majirani wakataja mashetani. Picha ya ubongo ndiyo iliyoonyesha uvimbe: saratani ilikuwa imesambaa hadi huko.

Wagonjwa wengi wa saratani hii hupona, na ikisambaa huenda zaidi mapafuni na mifupani. Kufika ubongoni ni nadra. Hata hapo tiba ipo: upasuaji, mionzi inayolenga uvimbe wenyewe, na kwa wengine vidonge vya kuzuia saratani kukua. Aidini yenye mionzi, yaani madini joto yaliyotiwa mionzi ya kuua saratani hii, haiwafai wote. Yaweza hata kuuvimbisha ubongo, ndiyo maana mgonjwa hupewa kwanza dawa za kupunguza uvimbe. Hayo tuliyajua kwa kuuliza, tena na tena.

Nawasihi wahudumu wa zahanati zetu, wapapaseni watu shingo. Penye uvimbe, mgonjwa apigwe picha ya ultrasaundi na, ikibidi, atolewe chembe kwa sindano, kabla hajalazimika kufunga safari ya Mombasa hajiwezi.

Msomaji wenu,
Shela, Malindi