Usimwondoe Cinna

Lindi Mjini, Jumapili usiku

Somo yangu mpendwa,

Hatujambo huku. Mama anakusalimu sana na anauliza lini utafika, ming'oko, vile viazi pori vyetu, imejaa sokoni.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimefurahi kusikia vijana wako wa Mtwara wanaigiza Juliasi Kaizari, ule mchezo wa Shakespeare. Ila pale uliposema utaiondoa sehemu ya mshairi Cinna kwa kuwa inarefusha mchezo bure, moyo ulikataa. Ndiyo maana nimeshindwa kungoja mpaka tuonane.

Unasema mchezo wote umo ndani ya methali moja: kikulacho ki nguoni mwako. Sikubishii. Waliomchoma Kaizari visu walikuwa watu wake, na Brutus, mmoja wao, alimpenda. Lakini methali hiyo inamtazama aliyeuawa. Je, waliobaki hai?

Kumbuka Kaizari hakuwa mfalme. Rafiki yake Antony alimpa taji mara tatu, naye mara tatu akalisukuma. Aliuawa kwa lile walilohofia angekuja kuwa. Brutus akasimama mbele ya watu kueleza kwamba alitaka Warumi wawe huru, na katikati ya umati mmoja akapaza sauti kwamba Brutus ndiye awe Kaizari! Kila nikifika hapo nafunga kitabu kwanza. Damu haijakauka, kiti kimeshatafutiwa mtu. Halafu Antony anasema yake, umati unageuka, na anayekutana nao njiani ni Cinna. Hana kisu wala njama, jina tu limefanana na la mmoja wa wauaji. Anawaambia yeye ni mshairi. Basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya, wanasema. Ukimwondoa huyo, somo, watazamaji watarudi nyumbani wakidhani kifo cha mkubwa ni shauri la wakubwa.

Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo huu mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika. Januari 12 ya mwaka uliofuata Sultani Jamshid alipinduliwa Unguja, na siku nane baadaye askari wakaasi Dar es Salaam. Simwiti mtabiri. Ila mwaka 1969 akaitoa tena, imesahihishwa, na mimi huona kwamba mkasa ule ulikuwa haujamwacha.

Na wala hatuna haja ya kwenda Roma. Mwezi uliopita nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Nilikaa muda mrefu kwenye magofu ya Husuni Kubwa, bahari iko chini pale, nikawa namfikiria Amiri Ibrahim wa Kilwa ya zamani. Alimuua Sultani al-Fudail, akatawala yeye. Julai 1505 Wareno wakaingia na merikebu za Francisco de Almeida, Amiri akakimbia, mji ukaporwa. Wakamvika taji mtu wao, Muhammad Ankoni. Mwaka uliofuata naye akauawa. Hesabu mwenyewe vifo hivyo, kisha niambie yule mvuvi wa Kisiwani, au mwanamke aliyekuwa anasuka mkeka wake siku ile mizinga ilipokuja, alimkosea nani.

Bibi alikuwa akituambia aliye juu mngoje chini. Nilipokuwa msichana niliiona methali ya waoga. Sasa nalisikia vizuri lile neno "mngoje", na bado linanitesa, maana kuna watawala ambao ukiwangoja utazika watoto wako. Siwezi kumwambia mwenye njaa angoje. Sina jibu lake, na Brutus wako pia hakuwa nalo.

Hata aliye juu hawezi kungoja. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, Sultani wa Pate alimhofia shujaa huyo, kipenzi cha watu, akamrubuni mtoto wa Liyongo wa kumzaa. Mtoto akamchoma baba sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale kwenye upinde, akafia pale pale. Watu wakadhani yu hai. Siku zikapita, hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji. Sisi shuleni tulifundishwa usaliti wa mtoto, tukaandika insha juu ya sindano. Hakuna mwalimu aliyetuuliza juu ya wale wanawake waliokaa na mitungi mitupu mji mzima ukilia kiu.

Kwa hiyo nakuomba, muache Cinna abaki. Kama muda hautoshi, punguza yale mazungumzo marefu ya hemani kati ya Brutus na Cassius, mwenzake wa njama, hayo yanavumilia kukatwa. Na Cinna mpe yule kijana mwembamba uliyenisimulia, anayesema taratibu. Niandikie siku ya onyesho mapema nipate kukata tiketi ya basi. Nitakuja na ming'oko.

Wako akupendaye,
Somo yako wa Lindi