Ule haukuwa mlipuko wa gesi

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya gereji, mkaandika "mtungi wa gesi walipuka" na kumalizia kwamba ni bahati mbaya, imeniuma. Picha yenu wenyewe inaonyesha kompresa: mota, mkanda, na mtungi uliochanika chini kama kopo. Humo hamkuwa na gesi. Mlikuwa na upepo, huu huu tunaojazia matairi. Na mtungi wa upepo unaoza taratibu, miaka na miaka, na anayetaka kuziona dalili anaziona.

Nimekuwa fundi mitambo viwandani kwa miaka 31, hadi nikastaafu. Kompresa inapovuta hewa inavuta na unyevu wake. Hewa ikishapoa mtungini, unyevu unageuka maji, maji yanatuama chini. Ndiyo kazi ya ile koki ya chini: ifunguliwe kila siku yatoke. Isipofunguliwa, kutu inakula chuma kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Na presha ya bar 8, ambayo ni kama psi 116, inasukuma kila eneo la ukubwa wa kiganja kwa uzito wa karibu kilo 800.

Mwaka 2019 nilipeleka gari gereji moja ya eneo la Unga Limited, hapa Arusha. Kijana wa jirani yangu alikuwa saidia fundi pale. Nikaona vali ya usalama, ile inayotoa upepo presha ikizidi, imeng'olewa, mahali pake pamekazwa bolti. Nikamuuliza, mwanangu, hii vipi? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, ilikuwa inavujisha upepo, tajiri akasema tuizibe." Nikawaomba wazime mashine, watoe upepo wote. Koki ya chini ilikuwa imeganda. Tulipoifungua kwa spana yakatoka maji rangi ya chai, zaidi ya nusu ndoo. Nikaingia chini ya mtungi, nikasukuma bisibisi pale palipovimba rangi, ikazama mpaka kwenye mpini. Asubuhi ile ile mtungi huo ulikuwa umejazwa, na yule kijana alikuwa ameukalia akinywa chai! Nikamwita tajiri, nikamwonyesha tundu. Akanishukuru sana. Kesho yake nilipofuata gari nikakuta amemwita fundi wa mageti, wamepiga kiraka cha bati, wamepaka rangi nyekundu, mashine inanguruma. Bolti iko pale pale. Nilimwambia mama wa kijana amtoe, akamtoa. Kisha nikanyamaza, na hilo linanisumbua mpaka leo, kwa sababu mwezi uliopita nimepita pale na mtungi ni ule ule, kiraka ni kile kile, na aliyeuegemea ni mtoto wa mwingine.

Wala siyo mitungi tu. Kando ya barabara ya Dodoma vijana wanajaza upepo matairi ya lori yenye rimu ya pete, yaani pete ya chuma inayobana tairi lisitoke, wakiwa wamechuchumaa mbele yake, bila kizimba cha chuma. Pete ikichomoka inampiga usoni. Jioni wanajipuliza vumbi la nguo kwa mpira wa kompresa, wanapulizana masikioni wakicheka. Upepo wa presha ile unatoboa ngoma ya sikio, na ukipenya kwenye kidonda unaweza kuua.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na wakala wake, OSHA, upo. Mwajiri anajua wajibu wake. Basi mtungi upimwe kwa maji: ujazwe maji pomoni, kisha usukumwe kwa pampu ya mkono kupita presha yake ya kazi. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo mtungi mbovu utachanika na kulowesha sakafu tu. Upimaji ufanywe mbele ya wafanyakazi, saidia fundi akiwemo. Halafu tarehe ya kupimwa iandikwe kwa rangi nyeupe juu ya mtungi wenyewe, herufi kubwa kama kiganja, ili hata mteja aliyekuja kuziba pancha aisome akiwa amekaa garini. Cheti kilichofungiwa kwenye droo ya tajiri kijana wa koki hakioni. Mtungi usio na tarehe, mteja asijaze upepo hapo. Na kiraka kikionekana popote kwenye mtungi, ukatwe vipande viwili siku hiyo hiyo, usije ukauzwa gereji ya pili.

Nanyi gazetini, naomba mrudi kwenye ile gereji mwulize koki ya chini ilifunguliwa lini mara ya mwisho, kisha mtuandikie jibu.

Fundi mitambo mstaafu,
Mbauda, Arusha