Shoga yangu, kitunze kile kipande cha nta

Langoni, Lamu
20 Februari 2025

Kwa shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Kaskazi inavuma na watu wameanza kununua tende za Ramadhani. Sauti yako ya jana usiku haijanitoka masikioni. Pole, shoga yangu, pole sana kwa haya ya shemeji kukutwa na uvimbe wa ubongo. Ningekupigia simu, lakini mambo haya yana majina magumu, na mtu akiyasikia huku analia hayakai kichwani. Nimeyaandika ili uende na karatasi hii kwa daktari.

Kaka yangu Athumani unamjua. Mwaka 2022 alikuwa barazani kwake akichonga nakshi za mlango, patasi ikamponyoka, akaanguka, mkono wa kulia ukawa unamcheza wenyewe. Watu wakasema ni shetani. Tukamsomea, na kisomo hatujakiacha hata leo, lakini alipoanguka mara ya tatu tulivuka Mokowe tukampeleka Mombasa. Skeni ikaonyesha uvimbe mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Akapasuliwa. Baada ya wiki kadhaa tukapewa karatasi yenye mstari mmoja: astrositoma, yaani aina mojawapo ya uvimbe wa ubongo, gredi ya 2, na gredi ndiyo daraja la ukali, 4 ikiwa kali kuliko zote.

Kwa mstari ule tulikaa karibu mwaka mzima. Aliyeuandika alitazama nyama kwa hadubini akaandika alichokiona, wala simtuhumu kwa uongo. Ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanywa tangu Bailey na Cushing walipopanga aina za uvimbe wa ubongo mwaka 1926: kutazama sura ya seli. Shida ni kwamba wataalamu wawili wakitazama kipande kilekile cha nyama huweza kutoa majina mawili. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani wakagundua kwamba ndani ya baadhi ya uvimbe wa ubongo jeni iitwayo IDH1, mojawapo ya maelekezo yanayoiongoza seli, huwa imebadilika, tena karibu kila mara mahali palepale. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka jina la uvimbe litokane na sura pamoja na jeni, na toleo lao la 2021 limekaza zaidi.

Haya nilielezwa na daktari wa pili, mama mmoja mpole, aliyenichorea nyuma ya bahasha. Uvimbe unaojipenyeza ndani ya ubongo wa mtu mzima, alisema, kwanza huulizwa kama IDH imebadilika, yaani IDH1 au ndugu yake IDH2. Kama haikubadilika, mara nyingi ni glioblastoma, ule mkali kuliko wote. Kama imebadilika, hutazamwa kromosomu mbili, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli: mkono mfupi wa ile ya 1 na mkono mrefu wa ile ya 19. Ikiwa mikono yote miwili imepotea, ni oligodendroglioma. Ikiwa ipo, ni astrositoma. Athumani alielewa kabla yangu. Akasema mbao zikishapakwa mafuta zote hufanana, mpaka utie msumeno usikie harufu ndipo ujue ni mti gani.

Kumbe nyama iliyotolewa haitupwi, Rukia. Hufungwa ndani ya nta, juu ya kibao cha plastiki kidogo kama kiberiti, ikawekwa maabara. Cha Athumani kilitafutwa wiki mbili, huku kila dirisha likinituma dirisha jingine. Nilipokabidhiwa nilikitazama sana: nta nyeupe, na katikati doa la kijivu lisilozidi punje ya kunde. Nikakifunga kwa leso, nikakipakata safari nzima ya kukipeleka kupimwa jeni, nikiogopa jua la dirisha la basi lisije likaiyeyusha ile nta.

Majibu yakasema IDH1 imebadilika na mikono yote miwili imepotea. Kumbe haikuwa astrositoma hata kidogo, ni oligodendroglioma. Huu wake hukua taratibu na husikia dawa. Upo utafiti uliowafuatilia kwa miaka mingi wagonjwa wa gredi ya 3: wenye alama hii ya kromosomu waliopewa kemo, yaani dawa za saratani, pamoja na mionzi, nusu yao waliishi zaidi ya miaka 14, na waliopewa mionzi peke yake nusu yao walipita kidogo tu miaka 7. Jina likibadilika, tiba hubadilika, na hata hesabu ya mtu ya kusomesha watoto wake hubadilika.

Sitakuficha kwamba mambo huenda na upande wa pili. Uvimbe unaweza kuonekana mpole kwenye hadubini, lakini IDH haikubadilika na zikakutwa alama nyingine, kama mabadiliko ya jeni ya TERT au jeni ya EGFR iliyozidi idadi yake. Huo huitwa glioblastoma na hutibiwa hivyo bila kungoja. Hapo uulizie jeni ya MGMT: ikiwa imefungwa isifanye kazi, dawa ya temozolomidi hufanya kazi vizuri zaidi, jambo lililojulikana tangu 2005. Na astrositoma iliyopoteza kabisa jeni ya CDKN2A huhesabiwa gredi ya 4, hata ikiwa sura yake ni tulivu.

Sasa shemeji. Ana miaka 38. Wataanza kwa kupaka nyama rangi inayoonyesha lile badiliko moja la IDH1 liitwalo R132H, na kipimo hicho hunasa kama 9 katika kila 10 ya mabadiliko ya IDH. Wakikwambia haikuonekana, usiinuke kitini. Mtu aliye chini ya miaka 55 jeni yake husomwa yote, kwa sababu yapo mabadiliko ambayo rangi ile haiyaoni. Ikiwa IDH imebadilika na gredi ni ya 2, waulize pia kuhusu vorasidenibu, kidonge kilichoidhinishwa Marekani Agosti 2024 kwa watu wa hali hiyo baada ya upasuaji. Hakiponyi, ila huchelewesha uvimbe kukua. Mambo ya bei tutayatafuta baadaye, lakini bila kipimo hata swali lenyewe huna pa kuliulizia.

Athumani yupo barazani sasa hivi, namsikia anagonga. Vidonge vya kifafa anameza asubuhi na jioni, na skeni hupigwa kila anapoitwa. Anakusalimu, na anasema shemeji asiendeshe pikipiki kwanza, hata akijisikia ana nguvu.

Kesho nenda maabara mwenyewe, usimtume mtoto. Uliza kipande cha nta kimewekwa wapi na kwa namba gani, uiandike. Jumatatu nitapanda basi la asubuhi kuja Malindi. Ikibidi kukipeleka kwingine nitakipakata mimi, leso ninayo.

Wako,
Mwanaisha